Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe, hasa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: msaada wa bure kwa aliyebakwa upo hapa Mombasa, lakini wengi hawaufikii kwa wakati.

Na wakati wenyewe ni mfupi. Dawa za PEP, zinazozuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, lazima zianzwe kabla saa 72 hazijapita, na mtu akiwahi zaidi ndivyo bora. Kisha humezwa siku 28 bila kukatiza. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba husaidia hadi saa 120, ingawa nguvu yake hupungua kadiri mtu anavyochelewa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, pamoja na kanuni zake, kinampa manusura matibabu ya bure katika hospitali ya umma. Hiyo ni haki yake, si hisani ya muuguzi wa zamu. Wala hahitaji kupitia polisi ndipo atibiwe. Aanze hospitalini, polisi baadaye.

Hata hivyo mwaka huu tulimpokea mama mmoja aliyeambiwa hospitalini aende kwanza kituoni, kituoni wakamrudisha hospitalini, na huko akadaiwa pesa za faili. Alipotufikia siku ya tatu ilikuwa inakwisha. Dawa aliwahi, alhamdulillahi, lakini kuzungushwa kule kulimuumiza kuliko anavyoweza kusema. Ndiyo maana kamati iliamua kuweka nguvu nyingi kwenye kusindikizana, yaani mwanachama kwenda pamoja na manusura hospitalini.

Kila msindikizaji wetu sasa ana mkoba tayari nyumbani. Ndani mna leso, ndara, chupi mpya, pedi, maji ya kunywa, nauli, na mifuko ya karatasi ya kaki. Wanachama wapya waliuliza karatasi ni ya nini. Nguo alizokuwa amevaa manusura ni ushahidi: hazifuliwi, na zikitiwa kwenye plastiki hushika unyevu, ushahidi ukaharibika. Na akishaacha gauni lake hospitalini, atarudi nyumbani na nini? Hapo ndipo leso ile inapofanya kazi. Waliozitoa leso hizo wajue zimesitiri watu.

Msindikizaji pia huangalia fomu ya PRC, ile ya hospitali inayoandikwa uchunguzi na matibabu ya aliyebakwa, ijazwe yote, isiachwe nusu kwa sababu foleni ni ndefu. Hutoka nakala tatu, na moja ni ya manusura. Aiweke pahali salama. Fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi na haiuzwi. Aliye mbali na sisi apige 1195, laini ya taifa ya ukatili wa kijinsia, bure, usiku na mchana. Ikiwa ni mtoto, 116. Namba hizi naomba kila mmoja wenu azijue kwa moyo, maana simu ya mtu hupotea siku hiyo hiyo.

Matibabu yakiisha, kazi ndefu huanza: usingizi usiokuja, hofu ya mlango kugongwa, mwili kushtuka mume anapogusa bega. Mshauri nasaha wa hospitali ya umma hagharimu kitu, lakini zamu zake ni chache. Kwa hiyo vikao vyetu vya kila Jumamosi vimebeba mzigo mkubwa. Humo halazimishwi mtu kusimulia. Wengine hukaa majuma kadhaa bila kusema neno, na hatuwaulizi. Tunafanya mazoezi ambayo mtu anaweza kuyafanya peke yake saa nane za usiku: kukanyaga sakafu kwa nguvu, kutoa pumzi polepole, kutaja anachokiona na anachokisikia mpaka akili irudi chumbani. Mwanachama mmoja alileta karafuu; anayehisi anapotea huitafuna, na ule ukali humrudisha. Tangu hapo kibakuli cha karafuu hakikosi mezani.

Tusidhani haya ni ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya namna hii, vikao vitano vinavyoongozwa na watu wasio madaktari wakitumia sauti zilizorekodiwa. Yalijaribiwa nchini Uganda kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini, na yaliwapunguzia dhiki ya moyo. Lakini asiyelala kabisa, au anayetaja kujiua, hatubaki naye kikaoni tu. Tunampeleka kwa daktari siku ile ile.

Jambo moja limenikera na nitalisema wazi. Bado kuna wazee na jamaa wanaokaa barazani kumaliza kesi ya ubakaji kwa pesa, na mara nyingi aliyetendewa hata hakuitwa. Kifungu cha 40 cha sheria ile ile hakiiachii familia uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka. Kiliuweka kwa Mwanasheria Mkuu, na leo kazi ya mashtaka iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mwanachama akialikwa kwenye kikao kama hicho, hata kama ni cha ukoo wake, asikubali kuwa shahidi. Anayetaka wakili na hana pesa tutampeleka FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo.

Wanaume waliobakwa wameanza kutufuata, wengine wakijifanya wanamuulizia rafiki. Hawawezi kukaa katika kikao cha kina mama, na kuwafukuza ni dhambi.

Kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, sehemu ya michango ya kila mwezi itengwe iwe mfuko wa nauli za usiku, kwa sababu matibabu ni bure lakini tuktuk si bure. La pili, tufungue kikao cha wanaume, siku nyingine, kikiongozwa na mwanamume aliyepata mafunzo. Yote mawili yatapigiwa kura mara tu mweka hazina atakapomaliza.