Kiberiti hakipimi asali

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Tabora. Mimi nauza asali hapa mjini, ndo kazi inayonilisha mimi na wanangu, na naandika kwa sababu ya ule ukurasa wenu wa afya uliofundisha watu kupima asali nyumbani kwa njiti ya kiberiti, sisimizi, glasi ya maji na karatasi. Naomba mnipe nafasi kidogo maana nyie mkiandika kitu watu wanakiamini kuliko sisi tunaoishika asali kila siku, na toka mlivyoandika kuna wateja wanakuja na kiberiti mfukoni kabisa, anafungua chupa, anachovya njiti, isipowaka anaondoka ananitazama kama mwizi.

Tuanze na hicho kiberiti. Mlisema njiti ikichovywa kwenye asali ikawaka basi asali ni halisi, isipowaka imetiwa maji. Sasa jamani asali halisi nayo ina maji ndani yake, hakuna asali kavu. Viwango vya Codex, vile vya kimataifa vya chakula vinavyowekwa chini ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, vinaruhusu maji mpaka asilimia 20, na asali iliyoiva vizuri mara nyingi inakuwa na kama 17 au 18 hivi. Njiti haiwezi kujua kama hayo maji yametoka kwenye ua la mti wa mtundu au yametoka bombani. Na mtu anayetaka kuwaibia watu kazi yake ni ndogo tu, anachemsha sukari mpaka inakuwa shira nzito, ile nzito kabisa haina shida na njiti, inawaka vizuri na mteja anaenda nyumbani amefurahi amenunua shira kwa bei ya asali. Glasi ya maji ni vilevile, kitu chochote kizito ukikidondosha kwenye maji kinazama, shira inazama, asali inazama. Karatasi nayo inapima majimaji tu. Yaani vipimo vyote hivyo vinaangalia uzito na unyevu, hakuna hata kimoja kinachouliza hii sukari imetoka wapi, na hilo ndo swali lenyewe.

Sisimizi ndo kabisa. Eti hawagusi asali halisi. Asali ni sukari, sehemu kubwa ni fruktosi na glukosi, kwa nini sisimizi asile? Nenda Sikonge au Uyui kamuulize mfugaji yeyote kwa nini anapaka grisi au oili chafu kwenye waya unaoshikilia mzinga, atakwambia ni kuzuia sisimizi na siafu wasipande wakala asali na kufukuza nyuki. Watu wa huku wamelijua hilo toka enzi za mizinga ya magome, afu leo gazeti linaandika kinyume chake.

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi, asali ya nyuki wadogo, hawa wasiouma wanaokaa kwenye mashimo ya miti na kwenye nyufa za ukuta. Asali yao kwa asili ni nyepesi, ina uchachu, maji yake mara nyingi yanapita asilimia 25, ndivyo nyuki wenyewe walivyoitengeneza. Hata kile kiwango cha Codex kimeandikwa kwa ajili ya nyuki wakubwa, sio hawa. Sasa mtu akiipima kwa kiberiti chenu lazima ifeli, na ukizingatia ndo asali ghali kuliko zote sokoni na ndo ngumu kuipata, mzinga mmoja unatoa kidogo sana, unakuta mzee ametembea porini kutafuta chupa chache afu anaambiwa ametia maji. Inasikitisha kwa kweli.

Lakini kinachotuumiza zaidi ni hili la kuganda, na hapa naomba msome taratibu. Ukurasa wenu ulisema asali ikiganda chini ya chupa hiyo ni sukari imejitenga, maana yake imechakachuliwa. Hapana. Glukosi iliyomo kwenye asali ndo inayoganda, maji yaliyomo ni machache hayawezi kuibeba yote ikabaki imeyeyuka, kwa hiyo inashuka taratibu na kufanya chembechembe, na baridi ya nyuzi 14 hivi ndo inaharakisha zaidi. Tabora usiku wa Juni na Julai inashuka mpaka karibu na 15, kwa hiyo ukilaza ndoo ya asali stoo miezi hiyo usishangae kukuta imekuwa nzito kama samli. Nyingine inaganda haraka, nyingine inakaa mwaka mzima bila kuganda, inategemea nyuki walikula maua ya mti gani, maana kila ua lina uwiano wake wa glukosi na fruktosi. Kuganda hakuonyeshi kabisa kwamba asali ni feki.

Sasa angalieni kinachotokea sokoni kwa sababu ya imani hiyo. Mteja anakataa iliyoganda, anataka ile inayomiminika inang'aa, basi kuna wauzaji wakifika asubuhi kitu cha kwanza ni kuweka sufuria jikoni na kuichemsha. Nimeona kwa macho yangu asali ikitoka povu kwenye mkaa, harufu yake inageuka kuwa ya sukari iliyoungua, rangi inaiva mpaka nyeusi, inajazwa kwenye chupa, na mteja anaipenda kweli maana haigandi haraka. Wakati hapo ndo imeharibiwa. Vimeng'enya ambavyo nyuki mwenyewe ameviweka vinakufa kwa moto, na kuna kitu wataalamu wanakiita kwa kifupi HMF kinaongezeka asali ikipashwa sana au ikikaa sana kwenye joto, Codex imeweka mwisho wake miligramu 40 kwa kilo, na kwa nchi za joto kama yetu 80. Kwa hiyo mteja anayeogopa asali mbaya ndo huyohuyo anailazimisha asali nzuri iharibiwe, na gazeti ndo limempa sababu. Iliyoganda dawa yake rahisi, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, yale unayoweza kutia mkono bila kuungua, acha iyeyuke pole pole, au uile hivyohivyo na kijiko, ni tamu tu.

Kama mnataka kuandika utafiti kuhusu asali, upo, na ni mzuri, sio lazima mchukue ya kwenye magrupu ya WhatsApp. Mfano kikohozi cha watoto. Mwaka 2007 huko Pennsylvania, Marekani, walichukua watoto 105 wenye mafua na kikohozi cha usiku, wengine wakapewa asali kabla ya kulala, wengine dawa ya kikohozi ya dukani iliyotiwa ladha ya asali, wengine hawakupewa kitu, na wazazi wa waliopewa asali ndo walisema watoto wamelala vizuri zaidi. Ila mkiandika andikeni na hili, utafiti ule ulipata hela kutoka Bodi ya Asali ya Marekani, msomaji ana haki ya kujua nani kalipia. Mwaka 2012 watafiti wa Israeli wakafanya kwa watoto 300 wa kuanzia mwaka 1 mpaka 5, wakatumia asali za aina tatu na kundi jingine likapewa maji mazito ya tende yanayofanana na asali kwa rangi na utamu ili mzazi asijue mtoto wake kapewa nini, na bado za asali zilishinda. Afu 2018 kundi la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima ubora, walichambua tafiti 6 zenye watoto 899 wakasema asali huenda inapunguza kikohozi kuliko kutokutoa kitu chochote. Waliandika "huenda". Mimi ningefurahi kuona gazeti langu nalo likiandika huenda pale panapostahili huenda, maana nyie kila wiki ni "utafiti umethibitisha", msomaji haambiwi nani alifanya, kwa watu wangapi, au kama walikuwa watu au panya.

Na kuna jambo ukurasa wenu uliliacha kabisa wakati ndo la kuweka juu kwa maandishi makubwa. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Hata kulambishwa kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, sisi wakubwa tumbo linammudu, lakini tumbo la mtoto mchanga bado halijakomaa, bakteria anaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anapata choo kigumu, analia kwa sauti dhaifu, ananyonya kwa shida, shingo inalegea, na mwisho anaweza kushindwa kupumua. Kuchemsha asali nyumbani hakusaidii, mbegu zile zinavumilia maji yanayochemka. Haijalishi ni halisi kiasi gani, ya nyuki wakubwa au wadogo, haijalishi imetoka pori gani. Mimi akija mama na kichanga mgongoni anataka asali ya kumlambisha namwambia dada yangu hii simuuzii huyu, rudi akishatimiza mwaka. Nakosa hela lakini nalala usingizi.

Vilevile wenye kisukari. Sokoni utasikia asali haipandishi sukari kwa sababu ni ya asili. Inapandisha. WHO kwenye mwongozo wao wa 2015 wa sukari wameihesabu asali pamoja na sukari ya mezani na zile za kwenye juisi, wakasema zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula kwa siku, na ikiwezekana chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina kama gramu 17 za sukari. Nina wateja wazee wenye kisukari walioacha sukari kwenye chai wakahamia kwenye asali vijiko viwili vitatu asubuhi na jioni wakiamini wanajitibu, na mimi ndo nawauzia, kwa hiyo nawaambia ukweli wazi, mzee wangu muulize daktari wako kwanza na usiache dawa zako.

Sasa mtu ataniuliza, kama kiberiti hakifai, asali inapimwaje? Inapimwa maabara. Miwa na mahindi yanatengeneza sukari kwa njia tofauti na miti mingi inayotoa maua, na kaboni iliyomo kwenye sukari hiyo inabaki na alama yake, kwa hiyo mashine inaweza kuona kama kwenye asali kumeingia sukari ya miwa. Sukari ya mchele inapita hapo bila kuonekana kwa sababu mchele uko upande mmoja na miti, inabidi watumie vipimo vingine. Na hata wenye mashine hizo wanahangaika, Umoja wa Ulaya mwaka 2023 walitoa matokeo ya sampuli 320 za asali iliyoingizwa kwao kutoka nje, 147 zikatiliwa shaka. Kama wao na maabara zao bado wanapigwa, mtu wa Tabora na kiberiti chake ataona nini? Kipimo kidogo tulichonacho huku ni kile kidude cha kuangalia maji, unadondosha tone kwenye kioo unatazama kwenye mwanga unasoma asilimia, kinasaidia sana mfugaji kujua kama amevuna masega ambayo hayajazibwa, maana hayo ndo yana maji mengi na asali yake inachacha. Lakini hata hicho hakijui sukari.

Mnunuzi wa kawaida kinachomsaidia ni kumjua anayemuuzia. Uliza imevunwa wapi, lini, imechujwaje, rudi kwa mtu yule yule, angalia nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa ile iliyofungashwa. Wanaonunua stesheni treni ikisimama, kupitia dirishani, kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, wale nawaonea huruma maana muuzaji hawatamuona tena.

Jambo la mwisho linawahusu nyie na wasomi. Wanafunzi wa vyuo wanakuja kwetu na madodoso, kurasa kibao, unaangalia nini kwa mteja, mteja anaangalia nini kwenye asali, rangi, bei, uzito, harufu. Tunajibu huku tunahudumia wateja. Wakiondoka hatusikii tena kitu, majibu yanaishia kabatini kwa Kiingereza. Hapa Tabora tuna chuo cha nyuki, wataalamu wapo, mwandishi wenu akifika akakaa nao hata asubuhi moja atapata cha kuandika cha miezi. Waombeni hao wanafunzi waandike walichokipata kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, mtuchapie.

Naomba pia marekebisho ya ule ukurasa, yatoke sehemu ile ile na kwa ukubwa ule ule, yaseme wazi kwamba asali halisi inaganda, kwamba kiberiti na sisimizi havipimi kitu, na kwamba mtoto chini ya mwaka hapewi asali. Na yatoke kabla ya Juni tafadhali, maana baridi ikianza chupa nyingi sokoni zitaganda, na yale masufuria yatarudi jikoni.

Muuza asali,
Tabora mjini