Shukrani kwa mama wa Seacrest, Seattle

Nimezoea kuzamia Mnemba, Unguja, ambako suti nyembamba ya kuzamia inatosha na wa kukuongoza hakosekani. Seattle ni habari nyingine. Maji ya Puget Sound, ghuba ya huko, yana baridi ya nyuzi 8 hadi 12 hivi, na mgeni hajitupi tu baharini. Duka lililonikodisha mtungi wa hewa halikuwa na muda wa kunielekeza pa kwenda.

Ufukweni Seacrest, West Seattle, nikamkuta mama mmoja akisuuza vifaa vyake. Hakutaka nimtaje jina. Aliitazama suti yangu, akaguna, kisha akaniazima kofia na glovu nene. Akatoa jedwali la maji kujaa na kupwa, akazungushia kalamu saa ambazo mkondo hutulia. Akanichorea ramani: Cove 2, hori dogo pale Seacrest, unaingia kwa miguu bila boti; Edmonds, kaskazini mwa jiji, kuna hifadhi ya chini ya maji.

Halafu, ingawa alishamaliza kuzamia, akavaa upya vitu vilivyolowa akashuka nami. Na baridi ile! Akanimulikia tochi chini ya gogo: pweza mkubwa wa Pasifiki, ambaye kumvua pale kumepigwa marufuku tangu 2013. Sikuwahi kuona pweza wa namna ile. Wetu wa Unguja ni watoto wake.

Pesa alikataa. Ndugu wazamiaji wa Nungwi na Diani, mgeni akifika amepotea, mchorieni ramani kwanza, bei baadaye.

Mama, kofia yako nimempa mgeni mwingine, kama ulivyoagiza.