"Ni karatasi tu, mzee": barua kwa vijana wa kanisani

Wanangu wapendwa katika Kristo,

Sikupanga kuwaandikia. Nimesukumwa na risiti. Kwenye kikao cha kamati ya ujenzi niliwekewa mezani risiti ya vifaa niitie sahihi, na kiasi kilichoandikwa kilizidi kile tulicholipa. Nikauliza. Kijana aliyeileta, mwimbaji mzuri ninayempenda, akatabasamu: "Mzee, ni karatasi tu. Mungu anaangalia moyo." Wengine wakacheka, hata yule aliyetufungulia kikao kwa maombi. Fedha ingeniuma kidogo. Kicheko kile kimeninyima usingizi.

Neno hilo la moyo Samweli aliambiwa nyumbani kwa Yese, alipokuwa amevutiwa na kimo cha mtoto wa kwanza. Nyinyi mmeligeuza mhuri wa kupitishia hati za uongo. Samweli huyohuyo, alipozeeka, alisimama mbele ya taifa zima akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Hakuna aliyemnyooshea kidole. Nani kati yetu angethubutu kuuliza hivyo mbele ya wafanyakazi wenzake?

Na habari hii ya karatasi ni ya zamani. Mwaka 250 Kaisari Decius wa Rumi aliamuru watu wa dola yake watoe kafara kwa miungu, na kila atoaye apewe hati yenye ushahidi wa maofisa. Baadhi ya hati hizo zimefukuliwa Misri, zimeandikwa kwenye mafunjo. Wakristo wengine walikataa, wakafungwa, wakafa. Wengine walitoa kafara. Lakini lilikuwapo kundi la tatu, na hilo ndilo linalonikumbusha nyinyi: hawakusogelea madhabahu, walipita mlango wa nyuma, wakahonga, wakatoka na hati kwamba wametoa. Nyama hawakuonja, ubani hawakufukiza, dhamiri zimetulia tuli. Ni karatasi tu! Cyprian, askofu wa Karthago, hakuwapokea kirahisi hivyo. Kwake yeye, aliyekubali hati ile amekubali kuhesabiwa pamoja na waliomkana Bwana.

Hata hivyo (wazee wenzangu, someni hapa), maaskofu walipokutana mwaka 251 hawakuwafukuza wote kwa mkupuo. Walitaka shauri la kila mmoja lichunguzwe, na walioonyesha toba wapokelewe. Cyprian mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa msukosuko ule, na watu walimsema sana. Mwaka 258 alisimama mbele ya liwali, akakataa kutoa kafara, akakatwa kichwa.

Msidhani naandika nikiwa juu ya mlima. Nilipokuwa kazini niliwahi kutia sahihi kwamba nimekagua kazi ambayo sikuifikia hata kwa macho. Mkubwa wangu alikuwa na haraka, nami nilikuwa na watoto wa kusomesha. Hakuna aliyegundua. Faili lile lilikaa kabatini miaka na miaka, na kila kabati lilipofunguliwa mimi tumbo joto. Nilistaafu nikiliogopa.

Mnasema kila mtu anafanya, ukikataa unaonekana mjinga. Kweli, kuonekana mjinga kunauma. Lakini Pliny, gavana wa Bithinia, aliyewaua Wakristo kadhaa, alimwandikia Kaisari Trajan karibu mwaka 112 kwamba wale aliowahoji walisema hukutana kabla ya mapambazuko na kujifunga kwa kiapo: wasiibe, wasinyang'anye, wasizini, wasivunje ahadi, wasikane amana waliyowekewa. Ni mtesi wao aliyeyaandika hayo. Bosi wako asiyesali angeandika nini juu yako?

Mengine nayataja tu, maana mnayajua. Lipeni madeni. Waacheni wake na waume za watu. Msiage ofisini kwamba mnakwenda kwenye maombi, kumbe mnakwenda kwenye shughuli zenu. Siri ya aliyetubu mbele yenu izikeni. Mliyemdhulumu mrudishieni; Zakayo alisema mara nne, mimi nitaridhika na mara moja.

Na lawama si yenu peke yenu. Sisi tumewalea hivi. Tunahesabu sadaka, hatuulizi imetoka wapi, wakati Torati ilikataza waziwazi ujira wa ukahaba usiingizwe nyumbani mwa Bwana. Mtoaji mkubwa tunamtengea kiti cha mbele na kumpa maikrofoni; mjane wa senti mbili tunamkumbuka tunapotaka watu wachangie. Mhubiri atakemea sketi fupi saa nzima, risiti hajaigusa hata siku moja. Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, imo kwenye Mithali, lakini aya hiyo sijui mara ya mwisho niliisikia lini madhabahuni. Kijana anayetutazama ajifunze nini? Kwa hilo nawaomba radhi, nami nikiwa wa kwanza kwenye foleni.

Risiti ile bado imo kwenye droo yangu, haina sahihi. Wewe uliyeileta unajijua. Jina lako sijalitaja kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu. Njoo jioni yoyote, peke yako, na risiti ya kiasi halisi. Nitavaa miwani, nitatia sahihi, kisha utaniimbia ule wimbo wa Jumapili iliyopita, ubeti wa pili sikuusikia vizuri.

Mzee wenu