Barua kwa mdogo wangu anayetaka kufungua gazeti la mtandaoni

Mdogo wangu,

Mpango wako nimeusoma wote. Mahali paliponishika ni pale unaposema waandishi 40 watakuandikia bure, "kama Arianna Huffington alivyofanya". Mama huyo, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la mtandaoni la Marekani, The Huffington Post, anafaa kuigwa, tena sana. Ila wewe umeshika kipande ambacho sicho kilichomjenga.

Alizaliwa Athens mwaka 1950, akasoma uchumi Cambridge, na mwaka 1971 akawa rais wa Cambridge Union, chama cha mijadala cha wanafunzi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1973. Cha pili, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikataliwa na wachapishaji 36. Hakuacha. Akaja kuandika wasifu wa mwimbaji wa opera Maria Callas, kisha wa mchoraji Picasso. Kwa hiyo tarehe 9 Mei 2005, The Huffington Post ilipofunguliwa, alikuwa na miaka 54 na daftari la simu alilolijaza kwa miaka 30. Watu mashuhuri waliomwandikia bure walikuwa wanamtendea hisani mtu wanayemjua. Hisani ya namna hiyo huwezi kuipata kwa tangazo la WhatsApp.

Wala hakuanza peke yake. Kenneth Lerer alijua biashara, Jonah Peretti alijua kwa nini watu hutumiana habari.

Sasa tazama injini yenyewe. Wahariri wa kulipwa walikuwa wanachukua habari moja na kuipa vichwa viwili. Wasomaji wengine wanaonyeshwa cha kwanza, wengine cha pili. Baada ya dakika chache inajulikana kipi kinabofywa zaidi, nacho ndicho kinabaki. Februari 2011, Super Bowl, yaani fainali ya futiboli ya Kimarekani, ilipokaribia, waliweka habari iliyouliza tu mechi inaanza saa ngapi, kwa sababu hilo ndilo swali watu walilokuwa wanaliandika kwenye Google. Kazi hiyo inataka mtu aliyekaa mezani tangu alfajiri, na mtu huyo analipwa mshahara.

Mwezi huohuo AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, wakakubali kuinunua tovuti kwa dola milioni 315. Waandishi wa bure hawakuambulia kitu. Baadhi yao wakaenda mahakamani New York wakidai dola milioni 105. Machi 2012 kesi ikatupwa, kwa kuwa walijua tangu mwanzo kwamba hawalipwi. Kisheria Arianna alishinda. Lakini manung'uniko yale hayakuisha, na Januari 2018, yeye akiwa ameshaondoka, tovuti ikaufunga mlango wa waandishi wa bure Marekani. Mhariri mkuu wa wakati huo alieleza kuwa habari za uongo zimezagaa mno mtandaoni. Makala ya bure huna nguvu ya kumrudishia mwandishi wake mara tatu aihakikishe. Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, waliyoipata 2012 ililetwa na David Wood, mwandishi wa kuajiriwa, kwa makala 10 kuhusu wanajeshi waliojeruhiwa vibaya vitani.

Jambo jingine. Mwaka 2007 Arianna alianguka katika ofisi yake ya nyumbani kwa uchovu, akavunjika mfupa wa shavu. Kutokana na hilo alikuja kuandika kitabu, Thrive, mwaka 2014, na 2016 akaiacha tovuti akaanzishe kampuni ya Thrive Global. Nimeangalia ratiba yako: wewe ndiye mhariri, mtafuta matangazo na mhasibu, na siku yako inaisha saa nane usiku. Punguza.

Ningekuwa wewe ningeanza na waandishi wanne wa kulipwa, hata kama malipo ni madogo. Kila mmoja apewe mkataba wa ukurasa mmoja: kiasi kwa makala, tarehe ya kulipwa, hakimiliki ni ya nani, nani anahakikisha majina na takwimu, na gazeti likiuzwa yeye anapata nini. Kipengele hicho cha mwisho kiandike sasa hivi, wakati gazeti bado halina thamani. Likishapata mnunuzi hamtaelewana.

Rasimu ya mkataba nitumie kabla hujamwonyesha mtu.

Dada yako