Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: usiulize kama otoklavu ipo

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi tunaokuandikia ni watu wa chumba cha nyuma. Vifaa vikitoka materniti (wodi ya wazazi) au chumba cha upasuaji vikiwa na damu, vinakuja kwetu: tunaviosha, tunavifunga, tunavitia kwenye otoklavu, yaani mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wenye presha, tunavirudisha. Hatukuandikii kuomba mashine mpya. Tunaomba pesa na ukaguzi wa jimbo vianzie kwenye sinki, viishie kwenye uthibitisho, na ununuzi wa mashine ufuate baada ya hapo.

Mkaguzi akifika kwenye kituo cha afya, Katuba au Kipushi, na kuuliza tu kama otoklavu ipo, ataonyeshwa otoklavu na ataandika ndiyo. Jibu hilo halimlindi mama mzazi hata mmoja. Otoklavu inaweza kuwepo, ikawaka, sindano ya manometa (kipimo cha presha) ikapanda, na pensi, zile koleo za chuma za kubania, zikatoka bado na vijidudu hai. Tutaeleza kwa nini.

Nchi hii haihitaji kufundishwa na wengine juu ya hatari hiyo. Mwaka 1976, kule Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa nchi yetu, hospitali ya misheni ilikuwa ikiwapa wauguzi mabomba matano ya sindano kila asubuhi. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine yalisuuzwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na jioni yalichemshwa mara nyingine tu. Katika mlipuko ule wa Ebola waliugua watu 318, wakafa 280. Leo sindano ni za kutumia mara moja, lakini pensi, makasi, vishikio vya sindano na vifaa vya kukagulia kizazi bado vinatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na bado kuna sehemu ambako beseni la maji ndilo kinga pekee.

Tuanze na sinki, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mvuke wa otoklavu huua unapogusa chuma. Damu iliyokauka ni blanketi: mvuke unaipika juu, na chini yake vijidudu vinabaki salama. Kwa hiyo kifaa kisichooshwa vizuri hakitakasiki, yaani vijidudu vyake haviishi vyote, hata ukikiweka kwenye mashine bora ya Ulaya kwa saa nzima. Mheshimiwa, ukipata nafasi ya kutembelea kituo chochote, chukua pensi ya Kocher, ile yenye meno nchani, ambayo wanasema imeshaoshwa. Ifungue mpaka mwisho. Pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu pale kwenye kiungo, vyuma viwili vinapopishana, kisha kwenye meno. Kitambaa kikitoka na doa la kahawia, iwe ni damu au kutu, pensi hiyo inarudi kwenye sinki.

Kuosha vizuri kunahitaji vitu vidogo ambavyo havimo katika misaada tunayopokea. Mara tu kazi ya kuzalisha inapokwisha, muuguzi apanguse damu nzito na kufunika vifaa kwa kitambaa kibichi ili visikauke njiani. Visafiri ndani ya beseni lenye kifuniko. Kwenye sinki la kwanza maji yawe baridi au ya uvuguvugu, chini ya nyuzi 45, kwa sababu maji ya moto huipika damu ikashika kama yai kwenye sufuria. Sabuni iwe ya vifaa, ile yenye vimeng'enya na isiyo na povu jingi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sabuni ya unga ya kufulia nguo huacha utando, na povu lake linaficha uchafu. Kila kiungo kinafunguliwa, kila kinachotenganishwa kinatenganishwa, na kusugua kunafanyika chini ya maji ili matone yasiruke usoni. Brashi laini ya nailoni inatosha, pamoja na brashi nyembamba ndefu kwa mirija. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zipigwe marufuku: zinakwaruza, na katika mikwaruzo hiyo kutu na uchafu hukaa. Sinki la pili ni la kusuuza. Kisha vifaa vikaushwe kabisa, kwa sababu vilivyoingia vibichi hutoka vibichi.

Anayefanya kazi hii anahitaji glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopitisha maji, miwani, na viatu vilivyofungwa. Wengi wanafanya kwa glavu nyembamba za kupimia wagonjwa, ambazo ncha ya mkasi inazipasua kama karatasi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B inapaswa kuwa haki yao kabla ya siku ya kwanza kazini.

Na ndoo ya klorini, tafadhali, iondoke. Wengi wetu tulifundishwa kutumbukiza pensi kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuosha. Tangu 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kuloweka vifaa kwenye dawa kabla ya kuviosha hakufai, na sababu zake tunaziona kila siku: damu yenyewe inaimaliza nguvu klorini, klorini inatoboa vishimo kwenye chuma cha pua, na mfanyakazi anaamini kwamba kifaa kimeshakuwa salama, hivyo anakishika ovyo. Pensi nyingi zenye kutu tunazozitupa ziliuawa na ndoo hiyo. Klorini ibaki kwa kazi yake, yaani damu iliyomwagika sakafuni na juu ya meza. Huko nako ipimwe: unga wa klorini uitwao HTH wa asilimia 70, gramu 7 kwa kila lita ya maji, au maji ya zhaveli (klorini ya maji) ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, na mchanganyiko mpya kila siku. Chupa ya zhaveli ya sokoni isiyoandikwa kiwango chake haiwezi kuhesabiwa, basi isinunuliwe kwa pesa za kituo.

Sasa otoklavu yenyewe. Vituo vingi vina ile ya mfano wa sufuria ya presha, inayokaa juu ya makala (mkaa), gesi au umeme. Adui yake mkubwa ni hewa. Maji yakianza kuchemka, valvu ya kutolea lazima ibaki wazi mpaka mvuke utoke kwa mfululizo, mkali, bila kukatikakatika, na uendelee hivyo dakika kadhaa kama kitabu cha mashine kinavyosema. Mtu mwenye haraka, au anayeogopa makala kuisha, anaifunga mapema. Manometa inapanda vilevile, kwa sababu hewa nayo ina presha. Lakini presha ya bar 1 hivi, ambayo kwa mvuke mtupu ingetoa karibu nyuzi 121, hutoa nyuzi 112 tu ikiwa nusu ya hewa imebaki ndani. Hewa isipotolewa hata kidogo ni kama nyuzi 100. Anayesoma manometa peke yake hawezi kujua tofauti hiyo.

Kuna na jambo la Lubumbashi ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani havitaji. Mji wetu uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100, ndiyo maana kuchemsha pensi kwenye sufuria hakuwezi kuitwa kutakasa. Hakuui mbegu za bakteria kama ile ya pepopunda popote duniani, na hapa kuna udhaifu zaidi. Vilevile manometa ya kawaida hupima tofauti na hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi. Sindano ikisimama kwenye bar 1.05, inayotosha ufukweni, hapa kwetu ndani ya mashine kuna nyuzi 119 hivi. Tunahitaji karibu bar 1.2 ili kupata 121. Tunaomba Divizioni ya Afya, yaani ofisi ya afya ya jimbo, iandike namba hiyo kwenye kibandiko na kukibandika juu ya kila otoklavu ya aina hii jimboni, baada ya fundi kuthibitisha kwamba valvu ya usalama inairuhusu. Pasipokuwa na uhakika, muda uongezwe, na mpira wa kifuniko na manometa vikaguliwe.

Vifaa vilivyofungwa vinahitaji dakika 30 kwenye nyuzi 121, na saa inaanza kuhesabiwa joto linapofika, siyo makala yanapowashwa. Umeme ukikatika dakika ya 22, zile 22 hazibaki akiba: mzunguko mzima unaanza upya. Kwa sababu hiyo tunasema wazi kwamba kwa kituo ambacho umeme wake hauna uhakika, otoklavu rahisi ya makala au gesi yenye mpira wa akiba ni bora kuliko mashine ya kielektroniki inayotaka umeme mzuri na maji yasiyo na madini. Maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi. Angalia ndani ya otoklavu za umeme na utaona ganda jeupe kwenye kipashajoto, likinenepa, kinaungua. Maji ya mvua yaliyochujwa vizuri yanasaidia, na ganda lenyewe linaondolewa kwa siki.

Kosa jingine limejificha kwenye masanduku. Wakati wa poupinel, yaani tanuri ya joto kavu, vifaa viliwekwa katika masanduku ya chuma yasiyo na tundu, na ilikuwa sawa, maana joto kavu linapita kwenye chuma: nyuzi 170 kwa saa nzima bila kufungua mlango. Masanduku yaleyale sasa yanaingizwa kwenye otoklavu yakiwa yamefunikwa. Hewa iliyomo haitoki, mvuke hauingii, na vifaa vinatoka vimepashwa joto tu. Otoklavu inataka trei yenye matundu, iliyofungwa kwa tabaka mbili za kitambaa cha pamba kisichotoboka au karatasi maalumu, pensi zikiwa wazi, na pakiti zikisimama kwa ubavu zenye nafasi ya kupitisha mkono katikati. Pakiti ikitoka na doa la maji, haikutakasika kwa matumizi: unyevu ni njia ya vijidudu kuingia kupitia kitambaa. Iachwe ikauke ndani ya mashine kabla ya kuguswa. Ikiwa bado mbichi, inarudi mwanzo. Kisha ikae kwenye kabati lenye mlango. Vumbi jekundu la kiangazi linajulikana na kila mtu hapa, na rafu iliyo wazi mwezi wa nane haihifadhi kitu.

Kuhusu wingi wa vifaa, tunaomba usikilize hesabu hii. Tangu pensi iingie kwenye sinki mpaka pakiti ikauke na kupoa, ni kama saa mbili na nusu, mambo yakienda vizuri. Materniti yenye seti mbili za kuzalishia, ikipata wazazi watatu usiku mmoja, yule wa tatu atakatiwa kitovu cha mtoto wake kwa mkasi uliopanguswa na spiriti. Muuguzi anayefanya hivyo hakukosa elimu, alikosa mkasi. Seti tano au sita kwa materniti ndogo zitafanya kazi kubwa kuliko otoklavu ya pili.

Tumebakiza uthibitisho. Utepe wa kufungia pakiti wenye mistari inayogeuka kuwa myeusi unaonyesha tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto. Hausemi kama joto lilitosha. Ndani ya pakiti, katikati kabisa, ndipo pawekwe kipande cha karatasi cha kemikali kinachobadilika rangi pale tu joto, muda na mvuke vyote vimetimia. Na kila wiki kichupa chenye mbegu za Geobacillus stearothermophilus kipite kwenye mzunguko halisi, kisha kioteshwe katika maabara ya hospitali kubwa ya zoni ya afya. Mbegu zikiota, vifaa vyote vya otoklavu hiyo vinarudishwa na mashine inasimama. Karatasi hizi huisha, na zikiisha hakuna anayejua bajeti ipi inazinunua. Ziwekwe kwenye mstari mmoja wa matumizi ya kila mwezi pamoja na sabuni, brashi, vitambaa vya kufungia na mpira wa kifuniko. Daftari nalo liwe lazima: tarehe, saa joto lilipofika, saa lilipokwisha, presha, idadi ya pakiti, jina la aliyefanya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu kwa wakaguzi wa jimbo ni badiliko la swali moja. Wasiombe kuonyeshwa otoklavu. Waombe pakiti iliyotakaswa jana, waifungue mbele ya muuguzi mkuu, waguse kitambaa kama ni kikavu, watoe kile kipande cha karatasi katikati, wakilinganishe na mstari wa jana kwenye daftari, kisha wafungue pensi moja na kupitisha kitambaa cheupe kwenye kiungo. Inachukua dakika tano. Pakiti waliyoifungua irudi kwenye mzunguko, na waandike walichokiona.

Kwa heshima,

Sisi wafanyakazi wa usafi na utakasaji wa vifaa vya tiba,
Lubumbashi