Kijana anayeanza kazi anunue tai nne nzuri, aachane na maboksi

Mhariri,

Kurasa zenu za ajira zinawasaidia sana vijana, mnawafundisha kuandika sivii na kujibu maswali ya intavyu, hongereni kwa hilo, ila kuna kitu hakiguswi na mimi fundi cherehani nakiona kila mara watu wanapoajiriwa. Tai. Kijana kapata kazi benki, anakuja nimpunguzie suruali, mkononi kashika boksi la Kariakoo lina tai inayong'aa, leso ya mfukoni ya kitambaa hichohicho na vifungo vya mikono, na ukimuuliza anakwambia kanunua maboksi matatu ya rangi tofauti ili asirudie wiki nzima. Inaniuma kwa kweli, maana hela ile ingempatia tai za kukaa nazo miaka.

Na asije mtu akasema tai imepitwa na wakati. Novemba 2023 hapo Kenya Spika Moses Wetang'ula alizuia suti za Kaunda bungeni, zile zisizovaliwa na tai, akasema mwanaume avae koti, shati la kola na tai, hata kama rais wao mwenyewe anazipenda sana hizo Kaunda. Mi Kaunda nashona na naipenda, lakini ofisi nyingi bado zinataka tai, sasa kama ni lazima basi kijana ajue ananunua nini.

Kwanza aende mitumba. Karume pale Ilala, au kama yuko Moshi aende Memorial, unakuta tai za hariri kabisa zimerundikwa na za poliesta na muuzaji anauza zote bei moja kwa sababu kwake tai ni tai. Hapo mkono wako ndo unafanya kazi. Ishike hapo katikati panapokaa shingoni, iache ining'inie yenyewe, ikianza kujisokota kama kamba iache hapohapo, ilikatwa vibaya na hakuna pasi itakayoinyoosha. Tai nzuri inakatwa mshazari, yaani kitambaa kinalazwa upande ndo kinakatwa, na inaungwa vipande vitatu. Ufundi huo alikuja nao Mmarekani mmoja wa New York, Jesse Langsdorf, miaka ya 1920, na ndo unaofanya tai ivutike kidogo ukifunga na irudi ukifungua. Halafu geuza nyuma uangalie ule mshono mnene unaobana pale juu ya ncha pana, uwe mzima, na uone kama kuna kiuzi kimeachwa legelege kwa ndani, hicho msikikate jamani! Kimeachwa makusudi ili tai icheze bila kukatika mshono. Bonyeza na katikati usikie kitambaa cha ndani kama kimejaa, maana hizi za boksi nyingi ndani wameweka kitu kama karatasi, ukifunga mara kadhaa fundo linasinyaa.

Upana usiogope. Ukikuta ya hariri nzuri lakini ni pana zile za zamani za sentimita 10, chukua, fundi anaipunguza hadi 8 na inakaa vizuri na kola ya koti la sasa. Urefu ndo hauongezeki. Nyingi zina kama sentimita 145 hadi 150, na ncha ikishafungwa iguse kile chuma cha kufungia mkanda, isiishie tumboni na isipite chini, kwa hiyo kijana mrefu sana ajipime palepale sokoni asione aibu.

Rangi sasa. Ya kwanza bluu iliyokoza, tupu, haina maua haina chochote, hiyo inaingia kwenye intavyu, kikao, harusi, kila mahali, na inakubali shati jeupe na la bluu mpauko ambayo ndo mashati anayotakiwa kuanza nayo. Ya pili damu ya mzee. Ya tatu bluu yenye vidoti vidogo vyeupe, vidogo kweli, ukisimama mbali visionekane. Ya nne nyeusi tupu kwa ajili ya misiba, kwa sababu msiba wa bosi au wa mzazi wa mfanyakazi mwenzako haukupi siku ya kwenda Karume. Basi, kwa mwaka wa kwanza zinatosha, watu wa ofisini hawahesabu tai zako ila wanaona ikikaa upande.

Za mistari mi nawaambia wasubiri kwanza. Uingereza mistari ina wenyewe, hii ya shule fulani, ile ya kikosi fulani cha jeshi, na hizo ndo zinajaa kwenye marobota, na hata kwetu sekondari nyingi zinavaa tai za mistari kwa hiyo kijana wa miaka 24 mwenye uso mdogo anaonekana katoka fomu foo jana. Za zipu zilizofungwa tayari naomba zisiuzwe kwa mtu mzima kabisa.

Kutunza sio kazi. Usiifue kwa maji, kitambaa cha ndani kinajikunja na haitarudi. Pasi usiiguse moja kwa moja, weka kitambaa chenye unyevu juu. Jioni ifungue fundo lote ulivyolifunga, kinyumenyume, ile tabia ya shuleni ya kuivua kichwani na kuitundika na fundo lake mwezi mzima ndo inayoua tai, na joto la Dar na jasho la daladala linamalizia. Itundike ipumzike, kesho vaa nyingine.

Ombi langu, Mhariri, siku moja pale kwenye ukurasa wa matangazo ya kazi wekeni picha nne tano za hatua za kufunga lile fundo jepesi la kawaida, kubwa zinazoonekana, kijana akate abandike karibu na kioo. Na mkimtaka fundi wa kushika tai wakati mnapiga picha nipo, sitadai hela.

Fundi cherehani,
Ilala, Dar es Salaam