Wanangu wa uuguzi, dole gumba nalo linanawiwa

Wanangu mnaosomea uuguzi na ukunga,

Nimekaa wodini siku nne kumuuguza mkwe wangu aliyejifungua kwa operesheni. Nimestaafu ukunga, ila macho hayajastaafu. Muda wote nilikuwa nawatazama mikono, na sikufurahi.

Binti mmoja, sare imenyooshwa vizuri, alibadilisha kitambaa cha kidonda kitanda cha tatu, akaenda cha nne na glavu zilezile. Nikamwita pembeni. Akanijibu, "Bibi, si nimevaa glavu?" Mwanangu, hizo zimekulinda wewe. Huyo wa kitanda cha nne analindwa na nani? Na hata ukizivua unanawa, kwa sababu glavu hutoboka, na uchafu hupanda mkononi wakati wa kuzivua.

Alipofika kwenye sinki ndipo nilipochoka kabisa. Kiganja kwa kiganja, kung'uta, jifute kwenye sare. Sekunde saba! Shirika la Afya Duniani linataka sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono. Najua mnalijua hilo. Kwenye mtihani wa vitendo mnazighani hatua zote kama kaswida. Mtihani ukiisha, na kaswida imeisha.

Sasa nisikilizeni habari ya dole gumba. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu alitufunga macho kwa bendeji, akatumiminia losheni ya kalamini viganjani, akasema, "Naweni." Tukasugua kwa mbwembwe. Losheni ilipokauka akatufungua macho. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe kama nimekanda unga, lakini dole gumba la kulia, upande wa nyuma, lilikuwa na rangi yake ileile ya kuzaliwa. Ncha za vidole vivyo hivyo, na pembeni mwa kucha. Nililia kwa aibu, maana asubuhi ile nilikuwa nimeosha vitovu vya vichanga sita.

Basi dole gumba lishikeni lote kwa kiganja cha mkono wa pili, mlizungushe kama mnafungua kifuniko cha chupa. Kisha la pili. Ncha zikusanyeni, mzisugue kiganjani. Atumiaye mkono wa kulia huusugua sana wa kushoto na kuusahau huo wa kulia, ambao ndio unaoshika kanula, kile kijirija cha kuingiza dripu mshipani.

Ngozini kuna vijidudu wenyeji na wapita njia. Wenyeji hamtawamaliza. Wapita njia, kama klebsiela uliyoiokota kitanda cha jirani, sabuni inawaondoa. Usipowaondoa, wanaweza kumuua mtoto njiti.

Mengine nataja tu. Pete zivuliwe. Kucha za kubandika zibaki saluni. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa anaharisha, ni maji na sabuni. Kuna vijidudu vyenye gamba ambavyo spiriti ya kitakasa mikono haivimudu. Kausheni mikono, na si kwa taulo la wodi nzima.

Mwaka 1847 huko Vienna, akina mama waliojifungua walikufa zaidi katika wodi ya wanafunzi wa udaktari kuliko katika wodi ya wakunga. Wanafunzi walikuwa wanatoka kupasua maiti, wanaingia kuzalisha. Daktari Semmelweis akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Aprili walikuwa wakifa wazazi 18 katika kila 100; Julai hawakufika wawili. Na bado wakubwa wenzake wengi walimpinga.

Wakubwa wa namna hiyo tunao hata leo. Wodi ile ina bango zuri la kunawa mikono juu ya bomba lisilotoa maji tangu saa nne asubuhi. Sabuni imo kabatini, na funguo anazo sista aliyekwenda semina. Mwanafunzi akiuliza, anaambiwa ana kiherehere. Ulizeni hivyo hivyo. Jazeni ndoo ya koki kabla ya raundi, msingoje mtu.

Wiki ijayo nakuja na mkwe wangu kuangaliwa mshono. Kalamini nitakuwa nayo mkobani, na bendeji ya kuwafunga macho. Yule binti wa glavu ataanza.

Bibi yenu, mkunga mstaafu